Jina Lisilotajwa Mbele ya Mlima

Ulaanbaatar
9 Septemba 2000

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Vuli unaipitishaje? Mifugo imenona?

Nimefika salama. Safari ni ndefu kuliko inavyoonekana kwenye ramani. Sambuu aliniketisha nyuma ya lori lake, juu ya magunia ya sufu, na kila lori lilipokwama alisema ni uzito wa vitabu vyangu. Nilikuwa na vitatu tu.

Hema la Shangazi Handjav liko juu kabisa ya mtaa, mahali ambapo kila ua una mbwa wake na kila mbwa ana maoni yake. Shule ni kubwa. Siku ya kwanza mwalimu aliita jina langu, nikaitika polepole mno, akaandika kwamba sipo. Sikuwa na ujasiri wa kumsahihisha, kwa hiyo siku hiyo sikuwepo.

Jana mwalimu wa muziki alituuliza kila mmoja ametoka wapi. Niliposema Chandmani, darasa zima likageuka. Wakataka niimbe hoomii, ule wimbo wa koo, eti watu wa kwetu huzaliwa na filimbi kooni. Nikasema sijui. Kijana mmoja akasema, "Mtu wa Chandmani asiyejua hoomii ni kama ngamia asiye na nundu. Huyo ni farasi mwenye shingo ndefu tu." Walicheka mpaka kengele ikalia, na tangu hapo naitwa Shingo.

Baba, naomba unifundishe. Najua kwetu wasichana hawafundishwi. Najua pia utasema sauti haiandikiki. Lakini nikiwa kitandani najaribu kuikumbuka sauti yako unapowapeleka kondoo mtoni: ule mvumo wa chini kama maji yanayopita chini ya barafu, na ule mluzi mwembamba unaopanda juu yake, yote miwili kutoka koo moja. Kila siku nakumbuka kidogo kuliko jana. Naogopa itaniishia.

Halafu kuna jambo jingine. Nyumbani tunasema Mtukufu tu, kwa sababu mtu hautaji mlima mbele ya macho yake. Ni kama kumwita babu yako kwa jina lake mwenyewe. Lakini hapa mlima hautuoni, kwa hiyo hakuna wa kunikemea. Jargalant. Nimeliandika nyuma ya daftari la hesabu. Nilidhani litanifurahisha, lakini kila nikilisoma najua niko mbali kiasi gani.

Nakuomba nije Mwezi Mweupe, mwaka ukianza. Ulininusa shavu la kulia nilipoondoka, ukasema la kushoto utalinusa nikirudi. Linakungoja.

Mwanao,
Maralmaa


Chandmani
30 Septemba 2000

Mwanangu Maralmaa,

Marahaba. Vuli ni njema, mifugo imenona.

Sambuu amefika, amejaa vumbi na uongo. Anasema umeshakuwa mtu wa mjini na unakunywa chai bila chumvi. Nimemwambia anyamaze.

Mimi si mtu wa barua. Ya mwisho niliandika nikiwa jeshini, nikamwandikia marehemu mama yako. Alinirudishia ileile, kaisahihisha herufi. Hivyo vitabu umevitoa kwake.

Habari ya wasichana: bibi yako alisema msichana akiimba kwa koo hatazaa. Alisema pia redio inakausha maziwa ya ng'ombe. Redio tunayo, na maziwa tunakunywa.

Haya, sikiliza. Kwanza usiimbe. Tafuta mahali penye upepo, uuelekee. Kaza tumbo kama mtu anayejua atapigwa ngumi. Koo likaze kama umebeba gunia zito, na mtu kakuuliza swali, nawe unataka kumjibu bila kulitua. Sauti itakayotoka itakuwa mbaya sana. Hiyo ndiyo yenyewe. Kaa nayo, na mluzi usiutafute kabisa. Mluzi ni kama mbwa mwitu: ukimfuata humpati, ukikaa kimya anakupitia.

Na jina la Mtukufu lisikae kwenye hesabu. Liandike kwenye daftari safi.

Mwezi Mweupe njoo. Mkia wa kondoo nitakuwekea.

Nanusa utosi wako.

Baba yako,
Jantsan


Ulaanbaatar
2 Novemba 2000

Baba mpendwa,

Shikamoo. Jina nimelihamishia kwenye daftari la fasihi.

Sauti mbaya ninayo. Nilianza kujifunza hemani, Shangazi akadhani nimeshikwa na pumu, akaninywesha mafuta ya kondoo yaliyochemshwa. Nilipomweleza ukweli akaniambia nitoke nje upesi, nisije nikapiga mluzi ndani ya nyumba yake na kumwitia upepo. Nikatoka uani. Jirani akachungulia juu ya uzio, akauliza, "Handjav, mmenunua ndama? Mbona hamumnyonyeshi?" Shangazi akamjibu kwamba huyu ndama anasoma kidato cha juu.

Sasa napanda kilimani juu ya mtaa kila Jumapili mchana. Huko wako mbwa tu, na siwaonei haya. Nasimama kuelekea magharibi, uliko wewe, nakaza tumbo, nabeba gunia. Koo linauma, lakini nikiwa pale sioni mji. Moshi unaufunika wote, na juu ya moshi naweza kujifanya nimesimama popote.

Ni ajabu, Baba. Darasani siwezi kusema neno, na hapa nanguruma.

Mwanao,
Maralmaa


Chandmani
26 Novemba 2000

Mwanangu,

Marahaba. Tuko salama.

Theluji imewahi. Ilianguka, ikayeyuka kidogo, ikaganda. Mifugo inachimba. Yule farasi jike mzee, Kahawia, ndiye anayewatangulia wenzake kuvunja barafu kwa kwato, kama alivyofanya ulipokuwa mdogo. Usiwe na wasiwasi.

Koo likiuma umelikaza vibaya. Nguvu itoke tumboni, koo ni mlango tu. Sasa ulimi: uweke kama unataka kusema "l", uache hapo, halafu midomo uichezeshe taratibu kama mtu anayempulizia mtoto uji. Usisikilize mvumo, huo utajitunza wenyewe. Sikiliza juu yake.

Mwambie Handjav mafuta ya kondoo ni ya viatu.

Baba yako,
Jantsan


Ulaanbaatar
20 Desemba 2000

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mifugo ikoje? Nakuuliza kweli, si kwa salamu.

Redio inasema zud imeipiga magharibi yote, kwamba barafu imefunga majani na mifugo inakufa imesimama. Walitaja wilaya nyingi, ya kwetu sikuisikia, au walipoitaja Shangazi alikuwa anamimina makaa kwenye jiko. Nilimwomba azime. Kisha nikamwomba awashe tena.

Sambuu simwoni sokoni. Wanasema njia ya milimani imefungwa.

Nikisikia tu kwamba uko hemani, na Kahawia yuko mlangoni, nitalala. Naomba nije mapema, nisingoje Mwezi Mweupe. Naweza kukaa juu ya magunia tena. Vitabu nitaviacha.

Maralmaa


Chandmani
15 Januari 2001

Mwanangu,

Marahaba. Baridi ni kali lakini mifugo imetulia. Mimi ni mzima.

Usije. Njia ni mbaya, lori lilipinduka juzi. Hata Mwezi Mweupe usije, subiri kiangazi. Vitabu usiviache popote. Nikisikia umeacha shule nitakasirika kwa mara ya kwanza katika maisha yako.

Mtukufu amejifunika mawingu, hata miguu haionekani. Tunamheshimu.

Endelea na ulimi.

Baba yako,
Jantsan


Ulaanbaatar
28 Januari 2001

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi lakini nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Nilipoifungua niliinusa, nikitafuta harufu ya moshi wa samadi ya nyumbani. Ilinukia makaa. Nadhani nimeishi mjini hadi pua yangu yote ni makaa.

Nilimkuta Sambuu sokoni. Ndevu zake hazikuwa na barafu, na lori lake lilikuwa safi. Nilimuuliza habari zako, akasema, "Baba yako? Baba yako ni mzima kama jiwe," kisha akaanza kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Sasa nikupe habari. Mluzi umekuja.

Ilikuwa Jumapili iliyopita. Nilikuwa nimechoka, siutafuti tena, nawaza tu kwamba sitakuona Mwezi Mweupe. Mvumo ulikuwa unatoka wenyewe. Mara nikasikia kitu juu yake, chembamba kama uzi, na nikageuka kutazama ni nani anapiga mluzi nyuma yangu. Nilipogeuka kikanyamaza. Kumbe ni mimi.

Nimeupata mara tatu tangu hapo. Si wako, Baba. Wako una kitu ndani yake, na huu wangu ni mtupu. Nadhani unakosa upepo wa huko. Tafadhali niandikie upepo wa leo. Simama mlangoni, usikilize, uniandikie. Nitauweka ndani.

Mwanao,
Maralmaa


Chandmani
5 Februari 2001

Mwanangu Maralmaa,

Umeniomba upepo. Nakuandikia.

Unaanzia ziwani, kwenye matete. Hapo bado hauna sauti, una mnong'ono tu, kama wanawake wanaoongea wakikamua. Kisha unavuka nyika, hauna cha kugonga, unakusanya pumzi. Ukifika kwenye mawe ya chini unagawanyika. Nusu yake inabaki bondeni inavuma, na nusu inapanda kwenye mikato ya mlima, na huko juu ndiko inakopiga mluzi. Babu yangu hakufundishwa hoomii na mtu. Alikuwa anachunga mbuzi peke yake, akachoka kutoujibu upepo.

Siku moja kabla ya dhoruba upepo husimama kabisa, lakini Jargalant huendelea kuvuma ndani yake, hata kama hakuna jani linalotikisika. Mbwa hulala. Farasi hugeuza masikio. Mama yako alikuwa anaacha kushona. Hujaisikia sauti hiyo tangu uondoke, na mtu akiisikia ghafla mahali asipoitarajia, hushika chochote kilicho karibu.

Mluzi wako si mtupu. Usiseme hivyo tena.

Nanusa utosi wako.

Baba yako,
Jantsan


Ulaanbaatar
11 Februari 2001

Baba,

Shikamoo.

Barua yako nilimsomea Shangazi kwa sauti, kwa sababu ni nzuri kuliko vitabu vyote tunavyosoma shuleni. Nilipofika kwenye dhoruba, Shangazi aliacha kukunja buuz za nyama. Tukatazamana. Nikarudia sentensi ile peke yangu, kimya.

Umelitaja jina.

Maisha yangu yote sijawahi kukusikia ukilitaja. Hata ulipokuwa na homa ukiweweseka ulisema Mtukufu. Siamini kwamba mtu kama wewe anaweza kusimama mlangoni, mlima ukimtazama usoni, akaandika jina lile kama anavyoandika jina la mbwa. Afadhali niamini kwamba haukutazami.

Nilikwenda kwa Sambuu. Sikumwonea haya, na hilo lilimshtua kuliko swali lenyewe. Nilimuuliza, "Baba yangu yuko wapi?" Akavua kofia, akaivaa, akasema aliapa. Nikamwambia mimi sikuapa. Akasema, "Binti, mimi ni dereva. Nabeba tu." Lakini alipokea barua hii bila kuuliza inakwenda wapi.

Sikasiriki. Naomba tu kujua nigeukie upande gani ninapoimba. Miezi yote hii nimeelekea magharibi.

Maralmaa


Machimboni
14 Februari 2001

Mwanangu Maralmaa,

Geukia mashariki. Siko mbali. Ukipanda kilima chako asubuhi isiyo na moshi, utaona moshi mwingine nyuma ya vilima. Ni huku.

Mifugo ilikwisha kabla ya mwaka mpya wa kalenda. Kondoo kwanza, kisha mbuzi, kisha ng'ombe wakalala wasiamke. Kahawia amebaki. Nimemwacha kwa jirani, kwa sababu alikuwa bado anachimba barafu wakati hakuna wa kumfuata. Sikuweza kumtazama.

Nikaja na Sambuu. Hapa watu wanachimba makaa kwenye mashimo ya zamani, kila mtu kivyake, kwa kamba na ndoo. Makaa anayochoma Handjav huenda nimeyatoa mimi. Barua zangu zilikuja mjini na gari la makaa, Sambuu akazipokea, akakaa nazo siku kadhaa zipate uzee. Yeye ndiye aliyebuni lile lori lililopinduka. Usimlaumu, anapenda kazi nzuri.

Nilificha kwa sababu ungeacha shule. Na kwa sababu mtu hapendi mwanawe amwone anatoka ardhini kama panya.

Kuhusu jina. Sikujua nimeliandika mpaka barua yako ilipofika. Acha nikueleze.

Ulipoandika kwamba mluzi umekuja sikuweza kukaa. Jumapili mchana nilipanda gari la makaa hadi mtaa wenu. Nilitaka kusimama mbali tu. Nilikuwa kwenye uchochoro, katikati ya zile nyua, mbwa wakinibwekea, na upepo haukuwepo kabisa. Nikasikia kutoka juu. Kwanza mvumo, kisha ule mwingine. Sikufikiri ni wewe, mwanangu. Nilifikiri ni ule mlima. Nilisimama na mkono kwenye uzio wa watu mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama nimelewa. Nikasema ndiyo.

Uliposhuka ulipita karibu. Ulikuwa unatazama chini, kama kawaida yako. Nilikuwa mweusi uso mzima. Sikukuita. Nikarudi, nikakuandikia upepo.

Mimi siimbi sasa. Vumbi la makaa limekaa kooni. Mvumo bado upo, lakini mluzi umeondoka. Najaribu nikiwa juu, wenzangu wananiambia nikohoe tu nimalize.

Sasa umejua. Usije. Hapa si mahali pa kuja.

Baba yako,
Jantsan


Ulaanbaatar
18 Februari 2001

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Nimekaa na barua yako. Nimemlilia Kahawia, na kondoo, na wale mbuzi ambao nilikuwa nimewapa majina kutoka vitabuni nawe ukakataa kuyatumia. Kisha nimeacha, kwa sababu kuna jambo si la haki, na nataka kukuambia.

Wewe umenisikia. Mimi sijakusikia tangu Agosti.

Kwa hiyo nakuja, Jumapili, Mwezi Mweupe ukishaanza. Shangazi anakuja pia, na mfuko wa buuz zilizogandishwa, na amesema atakupiga kwa mfuko huo kabla hajakupikia. Sambuu anatuleta. Nilimwambia kwamba ulikataza, akajibu kwamba wewe huna gari.

Shule siachi. Alhamisi mwalimu wa muziki aliuliza nani ataimba kwenye sherehe, na nikanyoosha mkono. Haukupanda juu sana, lakini aliuona. Yule kijana aliuliza, "Shingo, nundu imeota?" Nikamwambia asubiri aone. Kisha nikakaa.

Nimefikiri kuhusu mluzi wako. Wewe lete mvumo. Mluzi ninao. Tutasimama pamoja upande wenye upepo, na watakaopita watadhani ni mtu mmoja. Usiandae cha kusema, Baba. Najua utakuwa umeandaa. Hoomii haina maneno, na nadhani ndiyo maana watu wa kwetu wameitunza.

Tukimaliza, tulitaje jina kwa sauti, mimi na wewe. Huko mlima hautatuona wala kutukemea. Najua ni jambo la huzuni, lakini sitaki kulitaja peke yangu tena.

Na usinawe. Uliniona mimi nilivyo, nami nataka kukuona ulivyo. Shavu la kushoto nimelitunza, hata Shangazi nimemgeuzia la kulia. Likipata masizi, nitakwenda nalo shuleni Jumatatu.

Mwanao,
Maralmaa